Shilingi Yangu Moja Inafika Kampala Ikiwa Ngapi?

Muhula uliopita mdogo wangu alikaa nje ya chumba cha mtihani kule Kampala, kalamu mkononi, kwa sababu ya shilingi 111,830 za Uganda. Kwa fedha yetu hiyo haifiki hata elfu themanini. Mama alikuwa ametoa zaidi ya kiasi kilichotakiwa, mimi nilikuwa nimeshakwenda benki, na risiti ninayo mpaka leo, muhuri umegongwa vizuri kabisa. Fedha ziliondoka Dar zikiwa zinatosha, zikafika Kampala hazitoshi.

Alinipigia saa mbili na nusu asubuhi. Mtihani ulikuwa saa tatu.

"Dada, wamesema haijakamilika."

"Nini hakijakamilika?"

"Ada. Bado laki na kitu. Wananinyima kibali cha mtihani."

Nilimtumia kwa simu palepale, nikiwa kwenye foleni ya chai pale kantini, na zikamfikia kabla sijapata chai yenyewe. Lakini kutoka kwenye simu hadi akaunti ya chuo, na kutoka akaunti ya chuo hadi karatasi ya kibali, saa nzima ilikwisha. Mtihani ule ameufanya miezi kadhaa baadaye, peke yake, wenzake wameshasonga mbele.

Mimi nasoma hisabati na ualimu hapa Mlimani, mwaka wa tatu. Kwa hiyo aibu ni mara mbili, kwa sababu tatizo lilikuwa la kujumlisha na kutoa, tena la kiwango cha darasa la sita. Naliandika hapa kwa ajili ya wenzangu wenye ndugu nje, au wanaotaka kulipia maombi ya chuo cha nje, au wanaotumwa na familia "wewe msomi ndiye unayejua mambo ya benki". Nilidhani najua. Viwango nitakavyotumia ni vya siku zile, tena nimevizungusha kidogo ili hesabu isomeke. Usivichukue kuwa ni bei ya leo. Unachotakiwa kuchukua ni namna ya kupiga hesabu.

Fedha za ndizi zilivyosafiri

Kwetu ni Bukoba. Mama anauza ndizi, na msimu ukifika anauza kahawa kidogo. Kutoka Bukoba hadi mpakani Mutukula ni kama kilomita 80, na kutoka Bukoba hadi Kampala ni kilomita zipatazo 300. Dar iko mbali na Bukoba zaidi ya mara nne ya umbali huo. Sasa angalia tulichofanya: mama alituma fedha kutoka Bukoba kuja Dar kwangu, ili mimi nizitume Kampala. Hakuna aliyeona ajabu. Mwana yuko chuo kikuu, benki kubwa ziko mjini, basi fedha zianzie mjini.

Deni la ada lilikuwa shilingi 1,400,000 za Uganda. Siku ile, ukitazama kiwango cha kati cha soko, shilingi moja yetu ilikuwa sawa na 1.40 ya Uganda. Kwa hiyo ada ile ilikuwa milioni moja kamili ya Tanzania. Mama, mtu wa tahadhari, aliongeza 80,000 "za mambo ya benki". Nikaenda na 1,080,000 nikiwa na uhakika kwamba itabaki ya soda.

Ofisa wa dirishani alinipokea vizuri, sina ugomvi naye. Alinipa fomu, akaniambia makato ya kutuma ni 65,000 pamoja na kodi. Nikapiga hesabu kichwani: milioni na themanini, toa sitini na tano, inabaki 1,015,000, mara 1.40, hiyo ni 1,421,000. Inatosha na chenji juu. Nikasaini.

Kumbe zile fedha hazikwenda Kampala kama shilingi. Zilibadilishwa kuwa dola kwanza. Dola moja kwenye soko ilikuwa 2,600, benki ikaniuzia kwa 2,650. Nikapata dola 383. Njiani benki moja ya katikati ikakata dola 20, zikabaki 363. Zilipofika Uganda, benki ya kule ikazinunua kwa 3,590 kila moja wakati sokoni ilikuwa 3,640. Ikatoka 1,303,170. Halafu ikakata 15,000 yake ya kupokea. Kwenye akaunti ya chuo ikaingia 1,288,170.

Sasa kaa na karatasi ufanye nilichotakiwa kufanya kabla ya kusaini. Fedha zilizotoka mfukoni mwa mama ni 1,080,000. Fedha zilizofika ni 1,288,170 za Uganda. Gawanya ya pili kwa ya kwanza: 1.19. Yaani shilingi yetu iliyotakiwa kufika ikiwa 1.40 ilifika ikiwa 1.19. Asilimia 15 imeliwa njiani. Kwa fedha yetu hiyo ni karibu 160,000, na katika hizo, risiti yangu nzuri yenye muhuri inaonyesha 65,000 tu.

Hizo 95,000 nyingine ndizo somo lenyewe.

Kwa nini benki ya katikati?

Watu wengi, na mimi nikiwemo, tunadhani kwamba ukituma fedha kwa SWIFT kuna fedha zinazosafiri. SWIFT, ambayo ilianzishwa mwaka 1973 na makao yake yako Ubelgiji, inasafirisha ujumbe tu. Ni kama tarishi anayebeba kikaratasi: "Mpe fulani kiasi hiki." Fedha zenyewe zinahama kwenye vitabu vya benki.

Fikiria maduka mawili ya vijiji viwili tofauti. Mwenye duka wa kijiji cha kwanza akimwandikia wa kijiji cha pili "mpe mteja wangu sukari kilo mbili", yule wa pili atatoa kama wanadaiana kwenye daftari. Kama hawajuani, watahitaji mfanyabiashara mkubwa wa mjini ambaye wote wana akiba kwake. Huyo atapunguza kwa huyu na kuongeza kwa yule, naye atachukua chake. Kwa malipo ya dola, yule mfanyabiashara mkubwa wa mjini mara nyingi ni benki iliyoko Marekani, na mji wenyewe ni New York. Ndiyo kusema fedha za ndizi za Kagera zilipita New York kwenye daftari ili zifike Kampala, mahali ambapo mama angeweza kufika kwa basi kabla jua halijazama.

Na zile dola 20? Kwenye fomu kuna kisehemu kidogo kinachouliza nani atabeba makato. Kina vifupisho vitatu. OUR maana yake mtumaji anabeba yote, na kiasi ulichoandika kinafika bila kukatwa njiani. SHA maana yake mnagawana: wewe unalipa makato ya benki yako, mengine yanakatwa kwenye fedha zenyewe zikiwa safarini. BEN maana yake mpokeaji anabeba yote. Mimi sikuweka alama popote, ofisa akaweka SHA, ndiyo kawaida yao. Kwa fedha za matumizi SHA haina shida kubwa, mpokeaji atapata pungufu kidogo, maisha yanaendelea. Kwa ada, ambayo ikipungua shilingi moja mfumo unaandika "hajakamilisha", SHA ni mtego. Lipia OUR hata kama inauma, au ongeza kiasi cha kutosha juu. Mimi sikufanya hata moja kati ya hayo.

Jambo jingine ambalo sikuambiwa, na ambalo nilikuja kulijua kwa kuuliza tawi lingine: kuna mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki, EAPS, unaounganisha mifumo ya benki kuu za nchi zetu ili malipo ya baina ya nchi yafanyike kwa shilingi zenyewe, bila kupitia dola. Pia kuna benki zenye matawi Tanzania na Uganda, ambazo kwao hii safari ni kama kuhamisha kutoka chumba hadi chumba. Ukifika dirishani usiseme tu "nataka kutuma nje". Sema "nataka zifike zikiwa shilingi za Uganda, mnaweza kunitumia bila kupitia dola?" Wakikujibu hapana, umejifunza kitu kuhusu benki hiyo. Nenda nyingine.

Naomba nisieleweke kuwa hili ni tatizo la benki moja. Ripoti za Benki ya Dunia, ambayo hupima gharama ya kutuma kiasi kidogo kama dola 200 kutoka nchi hadi nchi, zimekuwa zikiitaja Afrika kusini mwa Sahara kuwa eneo ghali kuliko yote duniani, na njia za kutoka Tanzania kwenda nchi jirani, Uganda, Kenya na Rwanda, zimetajwa mara kwa mara miongoni mwa ghali kupindukia. Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015 yanataka gharama hiyo ishuke chini ya asilimia 3 ifikapo 2030, na njia za zaidi ya asilimia 5 zisiwepo kabisa. Mimi kwa ile yangu ya 15 nilikuwa mbali sana na 2030.

Swali moja

Baada ya ule msiba mdogo nilianza kumwuliza kila mtu, kwenye kila dirisha na kila wakala, swali moja tu: nikitoa kiasi hiki cha Tanzania, makato yote yakiwemo, dogo atashika kiasi gani cha Uganda mkononi? Sikuuliza makato ni kiasi gani. Sikuuliza kiwango chao. Mkononi atashika ngapi. Halafu nagawanya kilichofika kwa kilichotoka. Namba kubwa ndiyo njia rahisi, basi.

Utashangaa namna swali hili linavyowavua watu nguo. Kuna huduma moja ilikuwa na bango limeandikwa kutuma ni bure. Na kweli, makato yalikuwa sifuri. Lakini kiwango chao kilikuwa 1.25. Ukituma 300,000, dogo anapata 375,000, na 375,000 gawanya kwa 300,000 ni 1.25. Huduma nyingine ilikuwa inakata 9,000, watu wanaikimbia, ila kiwango chake kilikuwa 1.33. Unatoa 309,000, inafika 399,000. Gawanya: 1.29. Yule wa "bure" alikuwa anachukua zaidi, sema yeye anachukulia gizani. Kwenye kila laki tatu, tofauti hiyo ni zaidi ya elfu kumi na mbili za Uganda. Kwa mwanafunzi hiyo ni milo kadhaa.

Lakini hapo bado hatujafika "mkononi". Fedha ikiingia kwenye simu ya dogo inabidi aitoe kwa wakala. Huko kuna makato ya kutoa, tuseme karibu 7,000 kwa kiasi kama hicho, na kuna kodi ya serikali ya Uganda ya asilimia 0.5 kwa fedha zinazotolewa kwenye simu. Walianza nayo mwaka 2018 ikiwa asilimia 1, kelele zikawa nyingi, wakaipunguza na kuibakiza kwenye kutoa tu. Kwa 399,000 hiyo kodi ni 1,995. Kwa hiyo anashika kama 390,000, na ile 1.29 yetu inashuka hadi 1.26. Kama haitoi taslimu bali analipa ada au pango moja kwa moja kutoka kwenye simu, kodi ile ya kutoa haimgusi. Ndiyo maana kabla ya kuchagua njia lazima umwulize mpokeaji: hizi fedha unazitumiaje? Sisi tulikuwa tunamtumia, anatoa kwa wakala, anapanda bodaboda, anakwenda kuziweka benki, analipa ada. Kila hatua ilikuwa inamega.

Na hapa kuna kosa la kijinga ambalo nililikuta kwa bahati. Laini ya dogo ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mwenzake wa chumbani, kwa sababu alipofika hakutaka shida ya kuhangaika na hati ya kusafiria kwenye duka la simu. Kila kitu kilikwenda sawa mpaka siku nilipotaka kutuma kiasi kikubwa na jina likatokea la mtu nisiyemjua. Nilisita, nikampigia, akacheka. Mimi sikucheka. Kama yule mwenzake angehama, au laini ikafungwa, fedha zingekuwa kwenye laini yenye jina lake. Nilimwambia aende kesho yake asajili laini yake, na akaenda.

Huduma za kutuma na kupokea taslimu, zile za mabango ya njano na mekundu ambazo zina mawakala kwenye mabenki, nazo nilizijaribu kwa swali lilelile. Zinafaa pale ambapo mpokeaji hana akaunti wala laini, au yuko nchi ambayo mitandao yetu ya simu haifiki. Kwa Kampala hazikunishawishi, ila kwa mwenye ndugu India au China huenda ndizo zitakazomfaa. Uliza, gawanya. Na zile programu za simu ambazo ndugu zetu walioko Ulaya wanazisifu, kabla hujaanza kujisajili hakikisha kama zinapokea shilingi yetu kama fedha ya kuanzia. Nyingi zimejengwa kwa ajili ya fedha zinazokuja huku.

Njia za vichochoroni

Nisiwe mnafiki. Sote tunajua kuna njia nyingine.

Ya kwanza ni kondakta. Mabasi ya Kampala yapo, kondakta anajulikana, unampa bahasha na elfu kumi ya asante. Mama aliwahi kufanya hivyo mara mbili na ikafika. Kwa hesabu yangu ya kugawanya, kondakta anazishinda benki zote. Tatizo ni kwamba kugawanya hakujui kitu kinachoitwa kupotea. Bahasha tisa zikifika na ya kumi isifike, umepoteza asilimia 10, na hiyo moja ikiwa ndiyo ya ada, hakuna risiti, hakuna pa kulalamika. Kwa ada, hapana. Nguo na senene, sawa, mpe kondakta.

Ya pili nimeletewa hapahapa hosteli. Rafiki yangu mmoja ni Mganda, anasoma hapa, na wazazi wake wanamtumia fedha kutoka Kampala. Akasema: mbona tunahangaika? Wewe nipe shilingi za Tanzania hapa, baba atampa mdogo wako shilingi za Uganda kule, kwa kiwango cha kati, hakuna anayekatwa. Kwa kweli ni akili. Tulifanya hivyo mara moja kwa kiasi kidogo, na namba ilikuwa 1.40 safi, ambayo hakuna benki itakayokupa.

Halafu mambo yakaanza kukua. Wenzangu wawili wa kozi nyingine wakaja, nao wana ndugu Uganda. Rafiki yangu akapata wazo la kuongeza kidogo juu, "ya usumbufu". Hapo nikaogopa. Kubadilishana na rafiki yako mara moja ni jambo moja, kufanya biashara ya kubadilisha na kusafirisha fedha za watu bila leseni ya Benki Kuu ni jambo jingine, na ni kosa. Tena fikiria unapokea kutoka kwa mtu wa tatu usiyemjua fedha ambazo hujui zimetoka wapi, zinapita kwenye laini yenye jina lako. Siku polisi wakizifuatilia, watakukuta wewe. Nilijitoa. Rafiki yangu alininunia wiki moja, sasa tumepatana, na naye ameacha. Sijui kama nilimvunjia biashara au nilimwokoa. Namwachia yeye aamue.

Kurudi Mutukula

Njia tunayotumia sasa kwa ada, aliyeigundua si mimi. Ni mama. Nilipomweleza kwa simu habari za New York alikaa kimya, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, kwa nini mimi nikuletee wewe huko, wakati Mutukula ninaiona?"

Sikuwa na jibu.

Dogo alifungua akaunti ya mwanafunzi kwa jina lake kule Kampala. Muhula huu mama alipanda gari asubuhi Bukoba, akafika mpakani, akabadilisha kwenye duka lenye leseni kwa kiwango cha 1.38, akavuka na kitambulisho chake, akaweka kwa wakala wa benki upande wa Uganda kwenye akaunti ya dogo. Dogo akalipa ada kutoka kwenye akaunti kwa namba ya malipo ya chuo chake, palepale. Nauli na chakula cha mama 25,000. Alibadilisha 1,020,000, akapata 1,407,600, wakala akakata 5,000, ikaingia 1,402,600. Jumla iliyotoka mfukoni ni 1,045,000. Gawanya: 1.34. Gharama ni asilimia 4 hivi, kutoka 15. Ndiyo, siku nzima ya mama nayo ni fedha, na hiyo sijaiweka kwenye hesabu. Nilipomwambia hivyo alisema alikuwa na ndizi za kuulizia bei huko, kwa hiyo nisimhesabie. Na kama unajiuliza habari za kuvuka mpaka na taslimu, sheria yetu inataka utoe taarifa forodhani ukibeba dola 10,000 au zaidi, au fedha nyingine yenye thamani hiyo. Ndizi zetu bado hazijafika huko.

Njia hiyo lakini haifai kwa kila kitu. Dogo akikwama katikati ya mwezi anahitaji 50,000, nauli ya mama kwenda mpakani inakula nusu yake. Hapo ni simu, hata kwa 1.26. Na benki, niliyoilaani ukurasa mzima, nayo ina mahali pake. Yale makato mawili makubwa, 65,000 za kutuma na dola 20 za njiani, hayakui sana kiasi kikikua. Jumla yake ni kama 117,000. Kwenye milioni moja ni karibu asilimia 12. Kwenye milioni tano ni kama asilimia 2.3. Kwa hiyo mwenye mzazi anayeweza kulipa ada ya mwaka mzima kwa mkupuo, benki inaweza kumfaa kabisa, mradi aandike OUR na akatae kuzungushwa kwenye dola bila sababu. Sisi tunaolipa kwa msimu wa ndizi hatuna mkupuo.

Nimejiwekea daftari. Ukurasa mmoja, safu tatu: kilichotoka, kilichofika mkononi, na jibu la kugawanya. Kabla ya kila muhula naandika tena, kwa sababu huduma iliyokuwa ya kwanza Januari inaweza kuwa ya tatu Septemba. Inanichukua kama nusu saa na simu nne.

Wiki mbili zilizopita nikiwa darasani mama akapiga. Nikatoka nje. Alikuwa Mutukula, na sauti za magari nyuma yake.

"Huyu kwa elfu moja ananipa elfu moja mia tatu na sitini. Kuna kijana hapa nje anasema atanipa mia tatu na tisini. Nimchukue nani?"

"Mama, huyo kijana ana duka?"

"Ana mkoba."

"Na huyo wa mia tatu na sitini, leseni iko ukutani?"

"Ngoja nikaangalie," akasema, na simu ikakatika. Baada ya dakika kumi akanitumia ujumbe: leseni ipo, na amemshusha mpaka mia tatu na themanini.